Mwongozo Kamili wa Kuanzisha na Kuendesha Huduma ya Kujitolea kwa Wahitaji Katika Jumuiya ya Waumini

Mwezi Agosti 1617, katika mji mdogo wa Châtillon nchini Ufaransa, padri Vincent de Paul alikuwa akijiandaa kuongoza misa alipoambiwa kwamba nje ya mji kulikuwa na familia ambayo wote walikuwa wagonjwa, na hapakuwa na mwenye nguvu ya kumhudumia mwenzake. Alilieleza jambo hilo katika mahubiri yake, na mchana wa siku ileile njia ya kwenda kwenye nyumba hiyo ilijaa watu waliobeba chakula. Mwingine angemshukuru Mungu na kuifunga habari hapo. Vincent aliona kasoro: chakula kile kilikuwa kingi mno kwa siku moja, sehemu yake ingeharibika, na baada ya siku chache familia ile ingerudi palepale ilipokuwa. Muda mfupi baadaye aliketi na wanawake wa parokia hiyo, wakakubaliana kupokezana, kila mmoja na siku yake, na utaratibu wao ukaandikwa.

Naanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo niliyoiona ikijirudia katika kila jumuiya ya waumini niliyohudumu nayo. Huruma haikosekani, kinachokosekana ni zamu. Mwongozo huu unahusu namna ya kuigeuza huruma kuwa zamu, yaani huduma inayomfikia mtu yuleyule, kwa siku ileile iliyoahidiwa, kwa namna ambayo haimvunjii heshima, na inayoendelea hata pale mwanzilishi wake anapougua, anapohama au anapochoka.

Hatua ya kwanza: pima nia yako na muda wako

Kabla hujamwita mtu mwingine, kaa peke yako na karatasi, uandike mambo mawili: kwa nini unataka kufanya kazi hii, na ni saa ngapi kwa juma unazoweza kuzitoa bila kumdhulumu mwenzi wako, watoto wako wala mwajiri wako.

Swali la kwanza ni la ibada, na dini zimelisemea kwa uwazi. Qurani, katika sura ya pili, aya ya 263 na ya 264, inafundisha kwamba kauli njema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi, kisha inawaonya waumini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimango. Injili ya Mathayo, sura ya 6, inataka mkono wa kushoto usijue unalofanya mkono wa kuume. Ukigundua kwamba sehemu ya nia yako ni kutafuta kupoza jeraha lako mwenyewe, usijifukuze, ila chagua kazi kwa uangalifu. Mtu aliyefiwa karibuni, kwa mfano, simshauri aanze na wagonjwa walio mahututi. Ashike ghala au hesabu kwa miezi kadhaa, kisha aulizwe tena.

Swali la pili watu hulipita haraka, nalo ndilo linaloua vikundi vingi. Saa mbili kila juma kwa mwaka mzima zina faida kubwa kuliko siku nzima ya mara moja inayofuatwa na kimya. Ukishapata idadi yako ya saa, ipunguze kwa theluthi, kwa maana litakuwapo juma la homa, juma la mvua na juma la ugeni, na mhitaji uliyemwahidi hatayajua hayo yote. Atajua tu kwamba hukuja.

Hatua ya pili: uliza kabla hujatoa

Katika miaka yangu ya mwanzo, mimi na mwenzangu tulikuwa tukimtembelea bibi mmoja aliyeishi peke yake. Kila tulipokwenda tulimpelekea furushi la nguo, kwa kuwa nguo ndizo zilizokuwa zikiletwa kwa wingi na waumini, naye alizipokea kwa mikono miwili na kutushukuru. Mara ya nne alituomba tumwokotee miwani iliyoanguka chini ya kitanda. Nilipoinama niliyaona mafurushi yetu matatu yamepangwa ukutani, mafundo yake hayajafunguliwa. Sikujua niseme nini. Yeye ndiye aliyetuondolea aibu: "Wanangu, nguo ninazo. Kinachonisumbua ni ule mlango." Mwimo ulikuwa umeoza, komeo halikuwa na pa kushika, na kila usiku alikuwa akiukingia mlango kiti na kulala akisikiliza. Fundi seremala mmoja miongoni mwa waumini aliifanya kazi hiyo kwa muda usiozidi saa mbili: kipande cha mbao, bawaba mbili, komeo jipya. Tulikuwa tumemtembelea kwa miezi miwili tukiupitia mlango huohuo.

Tangu siku hiyo sijapeleka kitu kwa mtu ambaye sijamsikiliza kwanza, ila penye dharura. Kusikiliza nako kuna ufundi wake. Swali la "Unahitaji nini?" ni swali baya kwa siku ya kwanza, kwa sababu linamtaka mtu aorodheshe mapungufu yake mbele ya mgeni, na linabeba ahadi ambayo pengine huwezi kuitimiza. Muulize badala yake siku yake ya jana ilikwendaje tangu alipoamka. Humo utasikia maji yanatoka wapi, nani humsaidia kuamka, dawa zinamezwa saa ngapi na usiku unapita vipi. Muulize nani humsaidia hivi sasa, ili usije ukampokonya jirani mwema nafasi yake. Mwishoni muulize ni jambo gani moja ambalo likifanyika juma hili litampunguzia mzigo. Jambo moja linatosha.

Waulize pia wale waliokutangulia: wauguzi wa zahanati, maofisa wa ustawi wa jamii, viongozi wa mtaa, walimu, na jumuiya za dini nyingine. Mara nyingi utakuta kuna nyumba moja inayotembelewa na vikundi vitatu kwa kuwa iko kando ya barabara, na nyumba nyingine tano nyuma yake hazijafikiwa na yeyote. Fanya kazi hii ya kuuliza kwa majuma manne hivi kabla ya kutangaza lolote kwa waumini, kwa maana ukishatangaza, michango itaanza kumiminika na itakusukuma utoe ulichonacho badala ya kinachohitajika.

Hatua ya tatu: unda kikundi kidogo chenye kanuni zilizoandikwa

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza kisa ambacho kila anayegawa msaada anapaswa kukisoma kama taarifa ya kazi. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, manung'uniko yakazuka, na Mitume hawakuyaita manung'uniko hayo utovu wa imani. Waliitisha mkutano, wakasema kazi hii inataka watu wake, na watu saba wenye sifa njema wakachaguliwa. Majina ya wote saba yaliyotajwa hapo ni ya Kigiriki. Mimi huona humo busara kubwa: upande uliokuwa ukisahauliwa ulipata watu wake katika ugawaji. Basi ikiwa unahudumia watu wenye ulemavu, mwenye ulemavu awe kwenye kikundi. Ikiwa unahudumia wajane, mjane awe na sauti katika maamuzi.

Anza na watu sita hadi kumi. Wawili wawili ndio utaratibu salama wa ziara, nao ni wa zamani; chama cha Mtakatifu Vincent wa Paulo, kilichoanzishwa na Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake mjini Paris mwaka 1833, kimefanya kazi yake kwa ziara za nyumbani za watu wawili, nao wanafunzi hao walifundishwa kazi na mtawa aliyeishi miongoni mwa maskini, Rosalie Rendu. Yafaa kukumbuka kwamba vijana wasomi wa chuo kikuu walianza kwa kukubali kufundishwa. Kikundi chako nacho kitafute mtu wa kuwafundisha: muuguzi mstaafu, ofisa wa ustawi wa jamii, au mama aliyemuuguza mtu nyumbani kwa miaka mingi.

Kanuni ziandikwe zisizidi ukurasa mmoja, na kila anayejiunga aziweke saini. Zangu ni hizi kwa ufupi. Hakuna anayekwenda peke yake. Hakuna anayekaa na mtoto mahali palipofichika, wala kumchukua mtoto mahali popote bila mzazi au mlezi kujua na kuridhia. Hakuna anayempiga mhitaji picha kwa ajili ya kuonyesha kazi yetu. Hakuna anayekopa kwa mhitaji wala kumkopesha, kununua kwake wala kumuuzia. Hakuna anayehifadhi kadi ya benki, namba ya siri wala hati ya nyumba ya mtu tunayemhudumia. Tunayoyasikia ndani ya nyumba hayatoki nje, isipokuwa pale uhai au usalama wa mtu unapokuwa hatarini.

Kuhusu watoto na watu wasioweza kujitetea, nitasema bila kuzunguka. Cheo cha mtu katika ibada si uthibitisho wa usalama wake. Kila anayetaka kuhudumu, awe kiongozi au muumini wa kawaida, atoe majina ya watu wawili wasio ndugu zake wanaoweza kumweleza, na watu hao waulizwe kwa kweli, si kuandikwa tu. Pale ambapo sheria za nchi zinataka cheti cha polisi au kibali cha mamlaka ya ustawi wa jamii, kipatikane kabla ya ziara ya kwanza. Teua mtu mmoja, ambaye si kiongozi wa kikundi, wa kupokea malalamiko, na wahitaji wenyewe waambiwe jina lake na namna ya kumpata. Lalamiko la udhalilishaji hupelekwa kwenye mamlaka husika. Haliketishwi kikao cha upatanisho ndani ya jumuiya.

Hatua ya nne: fedha na vitu

Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu, hakutaka uende mikononi mwa mtu mmoja. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba ametuma wenzake waaminifu ili pasiwe na wa kuwalaumu, na kwamba anataka mambo yawe sawa mbele za Bwana na mbele ya watu pia. Yafanye hivyohivyo. Watu wawili wahesabu, watu wawili waweke saini, mtu wa tatu akague. Kila kinachoingia kiandikwe siku hiyohiyo na kila kinachotoka kiwe na stakabadhi au saini ya aliyepokea, na kama mpokeaji hajui kusoma, asomewe kinachoandikwa kabla ya kuweka dole gumba. Fedha za huduma zisichanganywe na fedha za ujenzi wa nyumba ya ibada, hata kwa juma moja, hata kwa ahadi ya kurudishwa.

Wako wanaodhani kwamba kutumia senti yoyote kwa nauli, madaftari au simu ni kuidhulumu sadaka. Sikubaliani nao. Aya ya 60 ya sura ya tisa ya Qurani, inayotaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, inawataja miongoni mwao wale wanaoishughulikia. Gharama ya kufikisha msaada ni sehemu ya msaada, mradi iandikwe wazi na isizidi kiwango ambacho kikundi kimekubaliana. Kumficha mchangiaji gharama hiyo ndiko kunakoleta maneno baadaye.

Vitu vilivyotumika vikaguliwe kabla ya kupelekwa. Kipimo changu ni kimoja: je, ningempa ndugu yangu mgonjwa kitu hiki bila kuomba radhi? Nguo iliyopasuka ishonwe au ikataliwe, chakula kilichopita tarehe kisipokelewe, na dawa zilizobaki majumbani mwa watu zisigawiwe kabisa.

Hatua ya tano: ziara yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa zaidi.

Mlango ni wa mwenye nyumba. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inamkataza aliyemkopesha jirani yake kuingia nyumbani mwake kuchukua rehani. Asimame nje, na mdaiwa mwenyewe aitoe. Qurani, katika sura ya 24, inawataka waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyeji, na wakiambiwa warudi, warudi. Zichukue amri hizo mbili kwa maana yake ya wazi kabisa. Bisha hodi, subiri, jitaje, sema umetoka jumuiya gani na umekuja kwa ahadi ya siku gani, kisha uulize kama saa hii inafaa. Ukiambiwa haifai, panga siku nyingine bila uso kubadilika. Mtu anayepokea msaada ana haki ya kuchoka na wageni kama mtu mwingine yeyote.

Ukikaribishwa, kaa. Kusimama juu ya mtu aliyelala au aliyeketi humfanya ajione mgonjwa wa maonyesho. Keti usawa wa macho yake, na mmoja wenu awe msemaji ili mwenyeji asihojiwe kutoka pande mbili. Zungumzeni naye, si juu yake, nimewaona wahudumu wazuri wakimuuliza binti, "Mama amekula?" ilhali mama yupo palepale, anasikia na ana akili zake timamu. Mwenye tatizo la kusikia asogelewe, asipigiwe kelele. Asiyeona aambiwe nani ameingia, nani anatoka na kitu gani kimewekwa wapi, tena kisihamishwe kitu chake hata kwa nia ya kupanga.

Kabla ya kugusa mwili wa mtu, kumnyanyua, kumwosha au hata kumtengenezea mto, eleza utakachofanya na usubiri akubali. Anayehitaji kuoshwa ahudumiwe na mtu wa jinsia anayoiridhia, mlango ufungwe, na sehemu isiyooshwa wakati huo ifunikwe. Nawa mikono kwa maji na sabuni unapofika na kabla ya kuondoka. Kumnyanyua mtu mzima kutoka kitandani kufundishwe na mwenye ujuzi kwanza, kwa sababu mgongo wa mhudumu na nyonga ya mgonjwa huumia kwa dakika moja ya ujasiri usio na ufundi.

Mtu aliyetoka kupatwa na msiba, moto, mafuriko au vurugu hahitaji maelezo kuhusu mapenzi ya Mungu katika saa hiyo. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unafupisha kazi kwa mambo matatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Tazama kama mahali ni salama na nani ana hali mbaya zaidi. Sikiliza bila kumlazimisha mtu asimulie. Muunganishe na ndugu zake, na taarifa sahihi, na huduma zilizopo. Usiseme "najua unavyojisikia", kwa maana hujui. Usiseme "mshukuru Mungu kwa waliobaki", hata kama ni kweli. Ukikosa la kusema, nyamaza naye. Ukimya wa mtu aliyeketi karibu hausumbui kama maneno ya mtu anayetaka kuondoka.

Ziara ya kawaida isizidi dakika arobaini, ila mwenyeji akitaka. Kuhusu mpangilio wa nyumba za kutembelea siku moja, sijaona kanuni bora kuliko ile waliyoandikiwa wanawake wa Châtillon mwaka uleule wa 1617: waanze na mgonjwa mwenye mtu wa kukaa naye, na wamalizie na aliye peke yake, ili wapate kukaa naye muda mrefu zaidi. Sisi wengi hufanya kinyume. Hukimbilia kwanza palipo pagumu, kisha humalizia siku kwenye nyumba yenye watu wengi na mazungumzo mengi, na aliye peke yake huachiwa dakika zilezile kumi.

Unapoaga, taja siku ya kurudi kwa jina na uiandike mbele yake. Usiahidi jambo ambalo halijaamuliwa na kikundi. "Nitaliuliza na nitakuletea jibu Jumamosi" ni ahadi halali, hata kama jibu litakuwa hapana. "Tutaona, Mungu ni mwema" si ahadi, na mhitaji huielewa kuwa ndiyo.

Mkishatoka, andikeni daftari kabla hamjaachana. Mistari mitatu inatosha: tulichokiona, tulichoombwa, tulichoahidi na nani atakitimiza. Andika kama vile mwenye nyumba atakuja kuyasoma. "Amepungua, jana hakula jioni, ameomba asomewe barua ya hospitali, nitakwenda naye Jumatano" ni mstari mzuri. "Mvivu, hajafagia" hauna faida kwa yeyote, na mara nyingi si kweli: asiyefagia pengine hawezi kuinama.

Hatua ya sita: imani yako isiwe bei ya msaada

Mwaka 1994, shirika la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika mengine ya misaada, yakiwemo ya kidini, yalikubaliana juu ya kanuni kumi za maadili katika misaada ya maafa, na mojawapo inasema msaada usitumiwe kuendeleza msimamo fulani wa kisiasa au wa kidini. Baadhi ya waumini huisikia kanuni hiyo kama amri ya kuficha imani. Sivyo. Unaweza kuwa unatumikia kwa sababu ya imani yako, na ukiulizwa kwa nini unakuja ukajibu ukweli huo bila kificho. Kinachokatazwa ni kumfanya mwenye njaa asikilize mahubiri kabla ya sahani, kumwandika kwanza aliye wa dini yako, au kumpa mwelekeo kwamba asipohudhuria ibada msaada utakoma.

Kwa vitendo, mambo haya yanasaidia. Orodha ya wanaohudumiwa isiwe na safu ya dini. Ugawaji usifanyike ndani ya ibada wala mara tu baada yake. Maombi yatolewe pale mtu anapoyaomba, au baada ya kuulizwa kwa namna inayompa nafasi ya kukataa, na hata hapo yawe mafupi, yasitumie siri zake kama mada. Akiwa wa dini nyingine na anataka faraja ya dini yake, mtafutie kiongozi wake. Nimewahi kumpigia simu imamu kwa ajili ya mzee niliyekuwa nikimhudumia, nikakaa nje wakati wa dua yao, na sikumbuki ziara ambayo nilihisi nimeitenda kazi yangu ya Kikristo kwa ukamilifu zaidi ya hiyo.

Hatua ya saba: jua mwisho wa uwezo wako

Kikundi cha waumini si hospitali, si mahakama wala si polisi. Andaa tangu mwanzo karatasi yenye namba za simu za kituo cha afya kilicho karibu, ofisi ya ustawi wa jamii, dawati la polisi linaloshughulikia ukatili wa kijinsia na watoto, na msaada wa kisheria, kila mmoja awe nayo. Mtu akikueleza kwamba anataka kujiua, muulize waziwazi kama ana mpango na ana njia ya kuutekeleza; swali hilo halimtii wazo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa kilicho hatari, na utafute mtaalamu siku hiyohiyo. Mtoto akikueleza kwamba ameumizwa, msikilize, mwambie amefanya vyema kusema, usimwahidi siri, usimhoji kwa undani, andika maneno yake alivyoyatamka, na toa taarifa. Usimshauri mgonjwa yeyote aache dawa kwa ajili ya maombi. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa ni kosa ambalo watu wenye nia njema wamelifanya na wagonjwa wakalipia.

Upande mwingine wa mipaka ni kutomfanya mtu akutegemee pale anapoweza kusimama. Mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, Musa bin Maimuni, ajulikanaye pia kama Maimonides, alizipanga sadaka katika ngazi nane, na ngazi ya juu kabisa aliiweka ile ya kumshika mkono mtu kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi, mpaka asihitaji tena kuomba. Kwa kila mtu unayemhudumia, ulizaneni kila baada ya miezi mitatu: je, kuna jambo ambalo lingemwezesha kutotuhitaji? Kwa kijana aliyepoteza kazi litakuwapo. Kwa mzee wa miaka themanini aliye kitandani huenda lisiwepo, na hapo msiwe na haya kuendelea kumhudumia mpaka mwisho.

Hatua ya nane: walinde wanaohudumu

Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, kinasimulia jinsi Yethro alivyomkuta mkwewe Musa akiketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia kwamba atajichosha yeye na watu walio pamoja naye, kisha akamshauri agawe kazi. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Yesu anawaambia wanafunzi waliorudi kazini waende kando wapumzike kidogo. Ikiwa hao walihitaji kupumzika, mhudumu wako naye anahitaji. Kila mtu awe na juma moja la mapumziko kila baada ya miezi mitatu, lililopangwa kwenye ratiba, si la kuomba. Mtu akifiwa na mgonjwa aliyemhudumia, asipewe nyumba mpya mwezi huo. Dalili za kuangalia ni kukasirikia wahitaji, kuanza kusema "hawana shukrani", kutolala, na kutotaka kukabidhi nyumba "yake" kwa mwingine. Dalili ya mwisho huonekana kama bidii, ndiyo maana huchelewa kutambuliwa.

Mkutano wa kikundi ufanyike mara mbili kwa mwezi. Msali, kisha mfungue daftari, na sala isichukue nafasi ya hesabu: ahadi ngapi zilitolewa, ngapi zimetimizwa, na zile ambazo hazijatimizwa ni za nani.

Hatua ya tisa: kukabidhi

Siku itafika utakapohama, utakapougua, au mhitaji atakapohamia kwa ndugu zake. Usiondoke kimya. Mwambie mapema, walau mwezi mmoja kabla, na umpeleke anayekurithi kwa ziara mbili: ya kwanza wewe ndiye msemaji na mwenzako anasikiliza, ya pili mwenzako ndiye msemaji nawe unasikiliza. Kama una ufunguo wa nyumba hiyo, urudishe mkononi mwa mwenyewe, naye aamue kama atampa mgeni. Mweleze mrithi wako mambo ambayo daftari halikuyabeba, kwamba mzee huyu hapendi kuulizwa habari za mwanawe, kwamba yule mama husema ameshiba kila mara, hivyo aulizwe mara ya pili. Kisha mpe daftari siku hiyohiyo, na mstari wa kwanza chini ya wako auandike yeye kabla hamjaachana.